Ryanair, easyJet au Wizz Air? Anza na begi na pasipoti, nauli baadaye

Ukitafuta tiketi ya Paris kwenda Milan, ya kwanza kujitokeza huwa ile ya euro 19. Hiyo ni nauli ya mtu mwenye begi dogo la mgongoni, asiyejali atakaa siti gani, aliyechekini (aliyejisajili kwa safari) mwenyewe kwa simu, na anayejua namna ya kufika kwenye uwanja ulio zaidi ya kilomita 80 nje ya mji. Ukikosa hata sifa moja kati ya hizo, bei inapanda. Na kawaida inapandia uwanjani, mahali ambapo huna tena la kuchagua.

Hapa tunalinganisha mashirika matatu makubwa ya bei nafuu: Ryanair ya Ireland, easyJet ya Uingereza na Wizz Air ya Hungary, kisha tunayapima na mashirika ya kawaida, treni na basi. Tumewalenga hasa wanaosafiri kwa pasipoti isiyo ya Ulaya: mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Leuven, familia ya Kikongo inayoishi Lyon, mzazi aliyetoka Mombasa na viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kuja kumwona mjukuu. Kwao kuna hatua mbili tatu ambazo miongozo iliyoandikwa kwa Wazungu haina haja ya kuzitaja, na ndizo zinazowaachisha watu ndege. Vipimo na ada ni vya mwishoni mwa 2025. Hubadilika, kwa hiyo hakikisha siku unayolipa.

Mwenye haraka achukue hili: kama una begi dogo na safari ni ya siku tatu, nenda na iliyo rahisi kati ya Ryanair na Wizz. Kama begi lako ni la kati, easyJet inaweza kukutokea nafuu hata nauli yake ikiwa mara mbili. Ukiwa na mizigo mizito, watoto wawili, au ndege ya kurudi nyumbani inakusubiri jioni ileile, usianze kutafuta kwa hawa watatu.

| | Ryanair | easyJet | Wizz Air |
|---|---|---|---|
| Begi la bure, chini ya siti | sm 40 × 30 × 20 | sm 45 × 36 × 20, hadi kilo 15 | sm 40 × 30 × 20, hadi kilo 10 |
| Begi la kabati la juu, la kulipia | sm 55 × 40 × 20, kilo 10 | sm 56 × 45 × 25, kilo 15 | sm 55 × 40 × 23, kilo 10 |
| Kuchekini mtandaoni bila kununua siti | hufunguliwa saa 24 kabla, hufungwa saa 2 kabla | hufunguliwa siku 30 kabla | hufunguliwa saa 24 kabla, hufungwa saa 3 kabla |
| Pasi ya kupandia | kwenye simu tu, tangu 12 Novemba 2025 | simu au karatasi | simu au karatasi |
| Viwanja | vingi vidogo, mbali na mji | vingi vikubwa | mchanganyiko, nguvu yake iko Ulaya Mashariki |

Begi ndilo linaloamua

Zidisha vipimo upate lita. Begi la bure la Ryanair na Wizz ni lita 24. La easyJet ni lita 32 na kidogo. Tofauti ya lita 8 ni jozi ya viatu, sweta na mfuko wa vipodozi, yaani vitu vilevile vinavyomfanya mtu alipie begi la pili. Ryanair iliongeza kipimo chake Septemba 2025 kutoka sentimita 40 × 25 × 20, kwa hiyo begi lililokataliwa mwaka juzi huenda sasa likapita. Lisiloingia chini ya siti bado halipiti.

Vipimo vinahesabu kila kitu: magurudumu, mpini, na mfuko wa mbele uliovimba. Hapo ndipo watu wanaponaswa. Begi la dukani linaweza kuandikwa 40 × 30 × 20, lakini hicho ni kipimo chake likiwa tupu. Pakia kila kitu, lisimamishe sakafuni likiegemea ukuta, weka kitabu kigumu juu yake na kingine ubavuni, kisha pima kati ya ukuta na kitabu. Likizidi sentimita mbili na ni la kitambaa laini, hamisha nguo nzito kutoka mfuko wa mbele, litaingia kwenye fremu ya chuma pale getini. Likiwa gumu na lina magurudumu, hata sentimita moja inatosha kukukwamisha, maana plastiki haibonyei. Kwa safari za namna hii begi la mgongoni la kitambaa linalishinda la magurudumu kila mara.

Usitegemee huruma ya mtu wa getini. Mwaka 2025 mkuu wa Ryanair, Michael O'Leary, alitangaza hadharani kwamba bonasi ya wafanyakazi kwa kila begi lililozidi itapanda kutoka euro 1.50 hadi euro 2.50. Ada yenyewe kwa abiria inaweza kufika euro 75 pale getini. Begi hilohilo lingelipiwa siku ya kununua tiketi lingegharimu sehemu ndogo tu ya hizo. Kwa mashirika yote matatu mpangilio ni mmoja: bei ya chini kabisa ni wakati wa kununua tiketi, ukiongeza baadaye inapanda, uwanjani inapanda tena, na getini ndiyo kilele.

Begi moja maana yake moja. Mkoba wa mkononi ni begi, mfuko wa kompyuta ni begi, na mfuko wa plastiki wenye chakula cha njiani nao huweza kuhesabiwa. Vyote viingie ndani ya lile moja kabla hujafika kwenye foleni ya geti. Koti ulilovaa halihesabiwi, na mifuko ya koti la baridi inabeba chaja, soksi na kitabu bila mtu kuuliza.

Ukijua kwamba lita 24 hazitoshi, una njia mbili za kulipia kwa Ryanair. Ya kwanza ni kupanda kwa kipaumbele, unaingia na begi la kilo 10 pamoja na lile dogo. Ya pili ni kukabidhi begi la kilo 10 kaunta lipakiwe chini. Hii ya pili huwa rahisi zaidi kwenye safari nyingi, tena inakuruhusu kubeba vimiminika vinavyozidi mililita 100: mafuta ya nazi, asali, chupa ya pilipili. Gharama yake ni muda, kwani kaunta hufungwa dakika 40 kabla ya ndege kuruka na mwisho wa safari unasubiri mkandani. Watu wawili wanaosafiri pamoja wasinunue mabegi mawili ya kilo 10 bila kuangalia bei ya begi moja la kilo 20, kwani mara nyingi hilo moja ndilo nafuu.

Jambo dogo lakini la hatari: begi lako likichukuliwa getini lipelekwe chini, toa kwanza pawabenki, betri za akiba, dawa, pasipoti na funguo. Pawabenki hairuhusiwi kwenye shehena, na ukikumbuka baada ya begi kuondoka, hakuna wa kulirudisha.

Pasipoti isiyo ya Ulaya: hatua inayosahaulika

Ndani ya Schengen hakuna askari wa mpaka kati ya nchi na nchi, basi watu hudhani hakuna wa kuangalia pasipoti. Shirika la ndege linaangalia. Ryanair humtaka kila abiria asiye raia wa Umoja wa Ulaya au nchi washirika apite kwenye dawati lake hati zihakikiwe *kabla* ya kuingia kwenye ukaguzi wa usalama. Haijalishi kwamba umechekini, una pasi kwenye simu, na huna begi la kukabidhi.

Kosa hutokea hivi. Abiria anafika na begi dogo, anaona ana pasi, anapita moja kwa moja kwenye ukaguzi, anakunywa kahawa, anajipanga getini. Zamu yake inafika, mfanyakazi anaona pasipoti ya Kenya, anatafuta alama ya uhakiki haipo, anamwambia arudi dawatini. Dawati liko upande wa pili wa ukaguzi, limefungwa dakika 40 kabla ya ndege, na geti linafungwa dakika 20 kabla. Ndege inaondoka. Ryanair ina ada ya kuhamishiwa ndege inayofuata, lakini haipungui euro 100, siti zikiwepo.

Kwa hiyo: wakati wa kuchekini chagua nchi iliyotoa pasipoti yako, siyo nchi unayoishi. Soma ujumbe utakaotokea kwenye pasi. Fika uwanjani saa 2 kabla hata kama huna begi, nenda dawatini kwanza. Mkononi uwe na pasipoti halisi, pamoja na viza au kadi ya ukaazi. Picha kwenye simu haikubaliki, na kadi ya ukaazi peke yake haitoshi; inathibitisha haki ya kuishi, siyo hati ya kusafiria. Wenye hati ya kusafiria ya Mkataba wa 1951 wa wakimbizi waongeze nusu saa nyingine, kwa sababu wafanyakazi wengi wa dawatini hawaioni mara kwa mara na hulazimika kuuliza. Wizz nayo huhakiki hati kaunta kwenye safari zake nyingi. easyJet huangalia zaidi getini, jambo ambalo ni jepesi kwa aliyekamilika na baya kwa asiyekamilika.

Wenye viza ya Schengen waangalie sehemu moja ya stika: idadi ya kuingia. Ikiandikwa 01, ukitoka nje ya Schengen umemaliza. Ikiandikwa MULT, unaweza kutoka na kurudi siku zako zikiwa hazijaisha. Tiketi za bei poa zina ushawishi mbaya hapa, kwani tovuti haikuulizi viza yako ni ya namna gani. Uingereza, Ireland na Cyprus ziko nje ya Schengen, na kila moja ina viza yake. Wizz inauza sana Tirana, Belgrade na Skopje, nazo ziko nje. Croatia iliingia Schengen 1 Januari 2023. Romania na Bulgaria ziliingia kwa safari za anga 31 Machi 2024, kwa hiyo mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kuruka Brussels hadi Bucharest na kurudi bila shaka.

Shirika linamkatalia mtu mwenye hati pungufu kwa sababu hutozwa faini ya maelfu ya euro kwa kila abiria aliyefikishwa bila haki ya kuingia. Kwa hiyo kubishana getini ni kupoteza pumzi, na anayekataliwa kwa hati hana fidia wala kurudishiwa nauli.

Na waliokwisha kuchukua uraia wa Ulaya nao wana lao: tangu Aprili 2025 raia wa Umoja wa Ulaya, isipokuwa wa Ireland, anahitaji kibali cha mtandaoni kiitwacho ETA ili kuingia Uingereza. Mwezi huohuo ada yake ilipanda hadi pauni 16. Kiombe kwa tovuti au programu ya serikali ya Uingereza. Tovuti nyingine hujazia fomu ileile kwa bei mara tatu.

Majina nayo. Wengi wetu tuna majina matatu, na pasipoti huyagawa: la mwisho kwenye sehemu ya jina la ukoo, mawili kwenye majina mengine. Yaandike hivyohivyo kwenye tiketi. Tatizo la kawaida si jina la kati kuachwa, ambalo mashirika mengi huvumilia, bali kugeuza jina la baba kuwa la ukoo kwa sababu ndivyo unavyoitwa mtaani. Ukigundua kosa, liripoti ndani ya siku ileile, maana marekebisho madogo ya herufi huwa bure mapema na kubadili jina zima huzidi bei ya tiketi mpya. Nunua kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Tovuti za mawakala huingiza barua pepe yao badala ya yako, taarifa ya ndege kusogezwa haikufikii, na Ryanair inaweza kukudai uthibitishe utambulisho wako upya kabla ya kuchekini.

Wakati wa kulipa, kuna kisanduku kinachokuchagulia malipo kwa sarafu ya kadi yako kwa kiwango cha ubadilishaji cha shirika. Kiondoe. Lipa kwa sarafu ya tiketi, benki yako ibadilishe yenyewe. Mgeni anayelipa kwa kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa kutoka Kenya afanye vivyo hivyo.

Paris–Milan, kwa hesabu

Tuchukue njia moja tuichambue. Nauli ni za mfano, usafiri wa kwenda viwanjani unakaribia bei halisi.

Ryanair inatoka Beauvais na kutua Bergamo. Basi la Paris hadi Beauvais ni saa moja na robo na zaidi, kati ya euro 15 na 20. Bergamo hadi kituo kikuu cha Milan ni karibu saa moja kwa basi, euro 10 hadi 12. easyJet inatoka Charles de Gaulle na kutua Malpensa. Treni ya RER B, ya kwenda Charles de Gaulle, ilikuwa euro 13 mwaka 2025, na treni ya Malpensa ni karibu euro 15, dakika 50 na kitu.

Mwenye begi la lita 24: Ryanair euro 19 na mabasi 28, jumla 47. easyJet euro 45 na treni 28, jumla 73. Ryanair inashinda wazi.

Mwenye begi la lita 32: easyJet inabaki 73, kwa kuwa begi ni la bure. Ryanair anaongeza begi la kulipia, tuseme 30, anafika 77. Ghafla ile tiketi ya 19 ndiyo ghali.

Mwenye begi la magurudumu la kilo 10: Ryanair 77, easyJet na begi la 35 inafika 108. Ryanair inashinda tena. Ndiyo maana hakuna jibu moja, na ndiyo maana hesabu ifanyike kwa begi lako, siyo kwa begi la rafiki aliyekusifia shirika.

Muda nao una bei. Ndege ikiruka saa 4 asubuhi, basi la Beauvais linaondoka Paris karibu saa 1, na unaingia Milan mjini saa 7 mchana. Kwa easyJet unaokoa labda nusu saa. Tofauti halisi inaonekana kwenye ndege za alfajiri. Ya saa 12 na robo asubuhi kutoka uwanja wa mbali inaweza kukulazimu kulala hoteli ya karibu au kuchukua teksi, na viwanja vingi vidogo hufunga milango usiku, huwezi kulala kwenye viti. Euro 19 imekwisha kuwa 100.

Treni ya moja kwa moja Paris–Milan, iliyorudi Machi 2025 baada ya maporomoko ya 2023 kufunga reli, huchukua karibu saa 7, kutoka mjini hadi mjini, na mabegi mawili bila mtu wa kupima. Ukikata mapema inashindana na zote mbili.

Majina ya viwanja yanadanganya kwa utaratibu huohuo kwingine. Frankfurt-Hahn iko kilomita 120 hivi kutoka Frankfurt. Memmingen, inayouzwa kama Munich Magharibi, iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Munich. Stockholm Skavsta kilomita 100. Girona si Barcelona, Treviso si Venice, ingawa Treviso inavumilika. Bergamo kwa kweli ni uwanja mzuri, na Ciampino iko karibu na Roma kuliko Fiumicino. Ramani kwanza, malipo baadaye.

Na saa. Tiketi hutumia saa 24 za Kizungu: 06:10 ni saa 12 na dakika 10 asubuhi, wala si ya jioni. Linalokosesha watu safari ni 00:20. Ndege ya 00:20 tarehe 14 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo unatoka nyumbani tarehe 13 jioni. Atakayefika tarehe 14 usiku atakuwa amechelewa siku nzima.

Kuchekini, hasa safari ya kurudi

Kwa Ryanair na Wizz, asiyenunua siti anafunguliwa saa 24 tu kabla, kila mguu wa safari peke yake. Maana yake safari ya kurudi unaichekini ukiwa huko uliko, pengine Tirana ambako bando lako la Ulaya halifanyi kazi. Weka kengele kwenye simu ya saa 24 kabla, na uwe karibu na waifai ya hoteli. Ukisahau, Ryanair hutoza euro 55 kwa kuchekini uwanjani, kwa kila mtu. Familia ya watu wanne ni 220. easyJet, kwa kufungua siku 30 kabla, inakuwezesha kumaliza miguu yote miwili kabla hujatoka nyumbani, na hii ni faida isiyoonekana kwenye tovuti za kulinganisha bei.

Simu ikizima uwanjani na ulishachekini, Ryanair inasema inakusaidia bure dawatini. Asiyekuwa amechekini hana msamaha huo.

Watoto

Kwa Ryanair, mtu mzima anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 12 lazima anunue siti yake. Watoto hadi wanne kwenye tiketi hiyo hupangiwa siti karibu naye bila malipo. easyJet hujaribu kuwaweka pamoja bila kulipa. Mtoto wa chini ya miaka 2 hukaa mapajani, lakini si bure, na wakati mwingine ada yake huzidi nauli yako. Kigari cha mtoto hubebwa bure kwa wote watatu, hadi getini.

Lini uachane nao

Kama treni ni chini ya saa nne, panda treni. Paris–Brussels ni saa moja na dakika 22. Hakuna ndege inayoishinda ukihesabu mlango hadi mlango. Kama una mzigo na huna pesa, basi. FlixBus hukuruhusu begi la kilo 20 chini na dogo la kilo 7 ndani kwa nauli ileile, na kwa anayehama chumba kutoka Köln kwenda Amsterdam hilo halina mpinzani.

Mashirika ya kawaida kama Lufthansa, KLM na Brussels Airlines kwa nauli zao nyingi bado hutoa begi la kabati la juu pamoja na dogo. Soma hata hivyo, kwani baadhi ya nauli mpya za chini kabisa zimeanza kuiga akina Ryanair.

Yapendelee zaidi ya yote unapounganisha na ndege ya Afrika Mashariki. Mashirika ya bei nafuu huuza safari ya nukta moja hadi nyingine. Ukitua Zaventem, uwanja mkuu wa Brussels, kutoka Entebbe au Kigali na una tiketi ya Ryanair uliyoinunua pembeni, basi: unapita uhamiaji kwa viza ya Schengen hata kama unapita tu, unachukua mabegi yako, unapanda basi hadi Charleroi, uwanja mwingine kabisa, unachekini upya. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala haikupi pole. Mzigo nao haulingani. Kutoka nyumbani umepewa begi la kilo 23, pengine mawili. Huku umenunua kilo 20, na kila kilo ya ziada hutozwa zaidi ya euro 10. Mchele, unga na nazi zilizosafiri bure kutoka Kampala zinalipiwa kilomita mia chache za mwisho. Ukilazimika, acha angalau saa 5 kati ya ndege kwenye uwanja uleule, na usiku mzima kama ni viwanja viwili. Mwelekeo wa kurudi nyumbani ndio hatari zaidi, kwani hapo unayoikosa ni ile ndege ghali.

Ikichelewa au ikifutwa

Hapa wote ni sawa, tiketi ya euro 19 na ya 400. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004 haiangalii nauli wala uraia. Ukifika umechelewa saa 3 au zaidi kwa kosa la shirika, fidia ni euro 250 kwa safari hadi kilomita 1,500, euro 400 kwa ndefu zaidi ndani ya Umoja, na hadi euro 600 kwa zinazozidi kilomita 3,500 kwenda au kutoka nje. Uingereza ina yake: pauni 220, 350 na 520. Mabadiliko ya kanuni yamekuwa yakijadiliwa Brussels, kwa hiyo thibitisha viwango kabla ya kudai. Saa huhesabiwa mlango wa ndege unapofunguliwa, siyo magurudumu yanapogusa ardhi. Dakika hizo kumi zimewahi kuamua kesi.

Ubovu wa kawaida wa ndege si kisingizio, wala mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe. Hali mbaya ya hewa na mgomo wa waongoza ndege ni kisingizio halali cha kutolipa fidia. Hata hapo lakini chakula na hoteli ni haki yako. Wasipotoa, nunua vya kadiri na utunze risiti.

Kwa safari inayoanzia nje ya Umoja, shirika lazima liwe la Ulaya. Wizz kutoka Tirana kwenda Milan inahusika. Pegasus ya Uturuki kutoka Istanbul kwenda Brussels haihusiki, ila ikitokea Brussels inahusika. KLM kutoka Kilimanjaro inahusika, na Kenya Airways pale tu inapoanzia Ulaya.

Ndege ikifutwa, programu ya simu hukuonyesha mara moja kitufe cha kurudishiwa pesa. Usikibonyeze kwa hasira. Ukichagua pesa, wajibu wa shirika wa kukufikisha na kukulaza unaishia hapo, nawe unabaki na euro 19 zako kwenye uwanja ambako tiketi ya mwisho ya usiku ni 240. Chagua kupelekwa kwa ndege nyingine kwanza. Fidia unaidai vilevile.

Dai kwa fomu ya tovuti ya shirika, bure, ukiambatisha nambari ya tiketi na picha ya ubao wa matangazo. Kampuni za madai hukata robo hadi theluthi ya pesa. Muda wa kudai hutegemea nchi: Uingereza miaka 6, Ufaransa 5, Ujerumani 3, Uholanzi 2. Ubelgiji ni mwaka mmoja tu, kwa hiyo aliyecheleweshwa akitokea Charleroi aandike wiki hiyohiyo.